Dinari ya Roma Mizanini: Fedha Kamili au Shaba Iliyovikwa Fedha

Mwaka 85 KK mji wa Roma ulikuwa umechoshwa na vita. Vita dhidi ya washirika wake wa Italia vilikuwa vimetoka tu kuisha, vita vya Warumi wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimefika hadi ndani ya mji, na huko Asia mfalme Mithridates alikuwa ameinyang'anya Roma nchi zilizokuwa zikiijazia hazina yake. Katika hali hiyo wananchi walifika mahali pa kuishuku dinari, sarafu ya fedha ambayo biashara yao yote iliitegemea. Cicero, aliyekuwa kijana wakati huo, aliandika miaka mingi baadaye kwamba thamani ya sarafu ilikuwa ikiyumba hivi kwamba hakuna mtu aliyejua ana mali kiasi gani. Mapretori na matribuni walikaa pamoja, wakatunga amri moja yenye adhabu na utaratibu wa mashtaka, wakaagana kupanda jukwaani wote pamoja alasiri ile kuitangaza. Mmoja wao, Marius Gratidianus, hakungoja wenzake. Alikwenda moja kwa moja jukwaani, akaitangaza amri ile kana kwamba ni yake peke yake. Umma ulimshangilia, ukamsimamishia sanamu katika kila mtaa, ukafukiza ubani na kuwasha taa mbele ya sanamu hizo. Mwaka 82 KK jemadari Sulla aliposhinda vita vya Warumi wenyewe kwa wenyewe, sanamu ziliangushwa na Gratidianus mwenyewe akauawa kikatili.

Ni mara chache katika historia umma umemwabudu kiongozi kwa sababu ya kanuni za kukagua sarafu. Plinius Mzee, aliyeandika katika karne ya 1 baada ya Kristo, anasema jambo ambalo watu walimshukuru Gratidianus kwalo lilikuwa ufundi wa kuzipima dinari na kuzitambua. Ufundi huo bado unahitajika. Dinari za Roma zimefukuliwa kwa wingi kutoka Uingereza hadi India, na miongoni mwake zimo ambazo ndani ni shaba na nje ni ganda jembamba la fedha. Anayeishika moja leo, awe mtunza makumbusho, mnunuzi au mwanafunzi wa historia, anakabiliwa na swali lile lile: hii ni fedha kamili, au ni shaba iliyovikwa? Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachoweza kulijibu swali hilo. Hukumu ya haki hupatikana pale mashahidi kadhaa wasiotegemeana wanaposema neno moja, na mashahidi hao hawaeleweki mpaka kwanza tujue sarafu ni ya zama gani na nani alikuwa na mamlaka ya kuitoa.

Dinari ilianza kupigwa karibu na mwaka 211 KK, Roma ikiwa katika vita vya kufa na kupona dhidi ya Hannibal. Mwanzoni ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 72. Baada ya muda mfupi zikawa 84, yaani kila moja ikawa na karibu gramu 3.9. Nero, mwaka 64 BK, aliipunguza tena hadi sarafu 96 kwa ratili, karibu gramu 3.4. Katika safari hiyo dinari ilipatwa na mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kupunguzwa ubora: shaba inayeyushwa pamoja na fedha chunguni, kisha sarafu inapigwa, na ukiikata popote utakuta mchanganyiko ule ule. La pili ni kuvikwa: kiini ni shaba tupu, mara chache chuma au risasi, na fedha iko juu tu. Kupunguza ubora lilikuwa tendo la serikali, lililofanyika ndani ya kiwanda chake. Kuvika, kama nitakavyoonyesha, ilikuwa kazi ya waghushi. Asiyetenganisha mambo haya mawili ataihukumu sarafu halali kuwa bandia, au ataipokea bandia kwa kudhani ni halali iliyopunguzwa.

Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Sarafu iliyovikwa fedha haikuwa kazi ya mtu mzembe. Mwaka 1933 William Campbell alichapisha utafiti alioufanya kwa kukata sarafu za Kiyunani na za Kirumi za namna hii na kuzitazama kwa hadubini. Mbinu iliyotumika sana ilikuwa hii: kipande cha shaba kilitengenezwa kwa umbo la sarafu, kikafungwa ndani ya karatasi nyembamba ya fedha, kisha kikatiwa motoni. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi na shaba kwenye 1,085, lakini pale zinapogusana na kuchanganyika kwa uwiano wa sehemu 72 za fedha na 28 za shaba, zinayeyuka kwenye nyuzi 779 tu. Basi fundi aliyeujua moto wake aliweza kuunganisha ganda na kiini bila kuliyeyusha ganda lenyewe. Baada ya hapo ndipo sarafu ilipopigwa chapa. Mfuatano huo una maana kubwa kwa mkaguzi. Kwa kuwa fedha ilitangulia na nyundo ikafuata, ganda lilivutwa zaidi penye michoro iliyoinuka na kwenye ukingo, na huko ndiko linakopasuka kwanza. Unyevu ukipenya, shaba ya ndani hula kutu na kuvimba, na juu ya uso wa sarafu hutokea malengelenge madogo na nyufa zenye rangi ya kijani au kahawia.

Warumi walikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuyaona hayo kabla hayajawa dhahiri kwa kila mtu. Hao ni wavunja fedha na wakaguzi wa sarafu. Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi ya kuyapima mawazo yao, aliwataja wakaguzi hawa kuwa kielelezo: hutumia macho, vidole, pua na hatimaye masikio, huidondosha dinari na kuusikiliza mlio wake, tena si mara moja. Petronius naye, katika simulizi yake ya karamu ya tajiri Trimalchio, anamfanya mwenyeji huyo ataje kazi ya mvunja fedha pamoja na ya mganga kuwa ngumu kuliko nyingine, kwa kuwa mvunja fedha hulazimika kuiona shaba iliyojificha nyuma ya fedha. Ushahidi wa kazi yao haumo vitabuni tu. Vimepatikana vijiti vidogo vya mfupa na pembe vyenye pande nne, vilivyofungwa kwenye mifuko ya sarafu iliyokwisha kukaguliwa. Juu yake limeandikwa jina la mtumwa aliyekagua, jina la bwana wake, neno la kuthibitisha kwamba alikagua, na tarehe. Mwaka 1919 Rudolf Herzog ndiye aliyeeleza vijiti hivyo vilikuwa vya nini. Mfuko ukipita mikono kumi, jina la aliyeudhamini lilikwenda nao.

Kinachonigusa katika ushahidi huu ni kwamba wakaguzi hawakuamini hisia moja peke yake, nao walikuwa na sababu nzuri. Chukua dinari zenye ukingo uliochanjwa meno kama msumeno. Tacitus anasema Wajerumani wa zama zake walizipenda hizo pamoja na nyingine za zamani walizozizoea. Ni rahisi kufikiri kwamba meno yale yalikuwa dhamana, kwa kuwa yanaonyesha ndani ya sarafu. Lakini zimepatikana sarafu zenye meno ambazo nazo zimevikwa fedha, meno yakifunikwa vizuri pamoja na mwili wote. Mghushi aliifuata kila alama ya uaminifu na kuiiga. Ndiyo maana Plinius anasema watu walichunguza dinari bandia kwa makini, hata wakanunua moja ya bandia kwa kadhaa za kweli, ili wajifunze. Aliyetaka kuwa hodari alihitaji kuijua bandia kwa undani kama alivyoijua halali.

Mkaguzi wa leo ana mizani na maji juu ya hisia zake, na hapa hesabu inasaidia. Sentimita moja ya ujazo ya fedha ina uzito wa gramu 10.49, ya shaba gramu 8.96. Dinari yenye fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10 itakuwa na msongamano wa takriban 10.3. Ile ya shaba iliyovikwa fedha kiasi cha moja ya tano ya uzito wake itakuwa na takriban 9.2. Kwa hiyo sarafu iliyovikwa, ikiwa na ukubwa sawa na dinari halali ya gramu 3.9, itakosa uzito na kufika karibu gramu 3.5. Tofauti hiyo inaonekana kwenye mizani ndogo ya sonara, na ikipimwa ndani ya maji inazidi kuwa wazi. Hata hivyo shahidi huyu naye ana mipaka. Dinari ya kweli iliyotumika kwa miaka mia hupungua kwa kusuguliwa. Dinari halali ya Septimius Severus, ambaye mwaka 194 BK alishusha fedha hadi karibu nusu, ina msongamano wa karibu 9.7 tu bila udanganyifu wowote wa kuvika. Na mlio, shahidi aliyeaminiwa na Epictetus, hupotea katika fedha nzuri iliyolala ardhini karne nyingi ikawa dhaifu na yenye nyufa za ndani. Sarafu hiyo ikidondoshwa hutoa sauti butu, nayo haina kosa.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mabishano haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa vipo vifaa vinavyopiga sarafu kwa eksirei na kutaja madini yake katika sekunde chache bila kuikwaruza. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau kwamba kifaa hicho husoma ngozi ya juu tu. Kikielekezwa kwenye sarafu iliyovikwa ambayo ganda lake ni zima, kitajibu kwamba ni fedha, kwa sababu alichokiweka mghushi juu ni fedha ya kweli. Hata kwa sarafu halali ya mchanganyiko, uso huwa na fedha nyingi kuliko ndani, kwa sababu shaba ya juu huondolewa wakati wa kutengeneza na baadaye kuliwa na udongo. Historia ya utafiti wenyewe inathibitisha. Katika miaka ya 1970 D. R. Walker alizipima dinari nyingi za makaisari kwa eksirei, na kwa muda mrefu vitabu vilisema Nero aliishusha fedha hadi karibu asilimia 93. Kevin Butcher na Matthew Ponting walipotoboa tundu jembamba ukingoni na kuchukua unga wa ndani, walikuta mwaka 64 BK Nero aliishusha hadi karibu asilimia 80. Yaani uso wa sarafu uliwapotosha wataalamu kwa kizazi kizima juu ya jambo kubwa la historia ya uchumi wa Roma. Kifaa ni shahidi mzuri akiulizwa swali analoweza kulijibu.

Sasa tufikie swali zito zaidi: nani alizitengeneza? Wapo waliodai kwamba ni serikali ya Roma yenyewe, ikiwa imebanwa na vita. Wanaye shahidi, tena mkubwa. Plinius anasema Livius Drusus, akiwa tribuni mwaka 91 KK, alichanganya shaba sehemu moja ya nane katika fedha, na kwamba Marcus Antonius alichanganya chuma katika dinari. Lakini tusome kwa makini. Maneno juu ya Drusus yanahusu kuchanganya, hayahusu kuvika. Vipimo vya karibuni vya Butcher na Ponting vinaelekea kumuunga mkono Plinius kwa maana hiyo, kwa kuwa vinaonyesha kwamba katika miaka iliyofuata mwaka 91 KK dinari zilizokuwa karibu fedha tupu zilishuka, nyingine chini ya asilimia 90. Hii inaeleza vizuri wasiwasi wa mwaka 85 KK: serikali ilikuwa imeanza kupunguza ubora kimya kimya, na papo hapo waghushi wakapata nafasi, kwa sababu mahali ambapo halali imetiliwa shaka bandia hupita kwa urahisi. Kuhusu chuma cha Antonius, madini ya fedha na chuma hayachanganyiki chunguni. Kama kuna ukweli ndani ya habari hiyo, unaelekea zaidi kwenye sarafu zilizovikwa fedha juu ya kiini cha chuma, ambazo zimepatikana.

Michael Crawford, aliyeandika orodha kuu ya sarafu za Jamhuri ya Roma iliyotoka mwaka 1974, alishikilia kwamba sarafu zilizovikwa ni kazi ya waghushi, na naona ushahidi uko upande wake. Sarafu hizi mara nyingi zina upande mmoja wa toleo fulani na upande wa pili wa toleo jingine, jambo ambalo kiwanda chenye utaratibu hakina sababu ya kulifanya. Maandishi yake mara nyingi yana makosa, na uzito wake hauna kanuni. Tena kuna sababu ya kazi yenyewe. Kiwanda kilichopiga sarafu kwa mamilioni hakingeweza kufunga kila kipande kwa karatasi ya fedha na kukiangalia motoni kimoja kimoja, ilhali kilikuwa na njia nyepesi zaidi, ya kuongeza shaba chunguni. Kuvika ni kazi ya karakana ndogo yenye fedha kidogo na muda mwingi. Watetezi wa upande wa pili hujibu kwamba baadhi ya sarafu zilizovikwa ni nzuri mno, michoro yake haina tofauti na ya halali. Ni kweli. Lakini muhuri uliweza kuibwa na mfanyakazi wa kiwanda, au kutengenezwa kwa kuigandamiza dinari ya kweli juu ya chuma laini. Uzuri wa mchoro unathibitisha ustadi wa mkono tu. Kibali cha serikali hauwezi kukithibitisha.

Dai jingine ni kwamba Roma ilizituma sarafu hizi ng'ambo makusudi, hasa India, ili iwalaghai wageni. Linategemea ukweli kwamba dinari za Augustus zenye picha za wajukuu wake Gaius na Lucius, zilizopigwa Lugdunum huko Gaul, zimepatikana India kwa wingi, na ni miongoni mwa aina zilizoghushiwa sana. Lakini aina inayopendwa ndiyo inayoghushiwa, na umaarufu wake unatosha kueleza jambo hilo. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi hawakuwa watu wa kulaghaiwa kirahisi. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, kile kinachoeleza pia pwani ya Azania hadi Rhapta, kinaonyesha walivyojua bandari kwa bandari ni bidhaa gani na fedha gani zinakubalika. Plinius anasimulia kwamba mfalme wa Taprobane, yaani Sri Lanka, aliwasifu Warumi kwa uaminifu wao alipoona dinari zao zina uzito sawa ingawa zina sura za watawala tofauti. Na baada ya Nero kushusha ubora, dinari mpya karibu hazionekani katika akiba zilizofukiwa India. Walizozikubali ni zile za Augustus na Tiberius. Soko lililoweza kutambua upungufu huo lisingevumilia shaba tupu kwa muda mrefu.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kufikia karibu mwaka 270 BK sarafu rasmi za Roma zilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, nazo zilipewa uso mweupe ili zifanane na fedha. Je, serikali haikuwa imefanya kile kile walichofanya waghushi? Kwa macho, ndiyo, na mwanahistoria hana haja ya kuifichia Roma aibu hiyo. Lakini kwa kazi na kwa sheria, hapana. Kiini cha sarafu hizo si shaba tupu, ni mchanganyiko ulioyeyushwa pamoja chunguni. Zilitolewa kwa maelfu kwa maelfu kutoka viwanda vinavyojulikana, na kodi na mishahara vililipwa kwazo. Mwenye sarafu hiyo mkononi hakudanganywa na jirani. Aliachwa na serikali yake. Hapo ndipo tunapoona kwa nini zama ni lazima zitangulie hukumu. Uso wa fedha juu ya shaba katika sarafu ya mwaka 85 KK ni ushahidi wa mghushi. Katika sarafu ya mwaka 270 BK ni alama ya kawaida ya kiwanda cha kaisari.

Kwa hiyo anayepewa dinari aihukumu kwa utaratibu. Atambue kwanza zama na toleo. Aipime uzito, kisha msongamano. Autazame ukingo na sehemu zilizoinuka kwa lenzi, akitafuta malengelenge, nyufa na kutu ya kijani. Alinganishe pande mbili zake na matoleo yanayojulikana. Kifaa cha eksirei kije baada ya hayo, naye msomaji wake akumbuke kinasoma wapi. Mashahidi watatu au wanne wakikubaliana, atamke bila woga. Wakipingana, aseme kwamba bado hajaamua. Asiikate wala kuisugua ili ing'ae, kwa maana anayefanya hivyo anaharibu ushahidi kwa ajili ya jibu ambalo mizani ingeweza kumpa. Na akithibitisha kwamba imevikwa, asiitupe. Sarafu bandia ya kale ni hati halali ya historia: inatuambia watu waliiamini dinari kiasi gani hata kuighushi kukawa na faida, na ni lini imani hiyo ilitikisika. Iandikwe kwa jina lake la kweli, shaba iliyovikwa fedha, pamoja na uzito wake na mahali ilipopatikana, iwekwe karibu na zile halali. Warumi wenyewe walikuwa tayari kulipa dinari kadhaa za kweli kwa moja ya namna hiyo, nao walijua wananunua nini.